Maswali ya Wasomaji: Confucius, mtihani na serikali ya China

Makala ya toleo lililopita kuhusu historia ya China iligusia mafundisho ya Confucius kwa aya moja tu, na wasomaji wengi wametuandikia kutaka maelezo zaidi. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na kila swali tumelipa nafasi kwa kadiri ya uzito wake.

Swali. Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Vitabu vyetu vinasema Confucius alikuwa mwalimu tu. Hakuwa mfalme, jemadari wala nabii. Iliwezekanaje maneno ya mwalimu yawe msingi wa serikali kwa zaidi ya miaka elfu mbili?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Dodoma*

Jibu. Marahaba, mwanangu. Katika siasa za wakati wake Confucius alishindwa. Alizaliwa mwaka 551 KK katika dola dogo la Lu, mahali ulipo leo mji wa Qufu mkoani Shandong, wakati ambapo wafalme wa nasaba ya Zhou walikuwa wamebakiwa na heshima ya jina huku watawala wa madola madogo wakinyang'anyana ardhi. Alishika vyeo kwao kwa muda mfupi, kisha akazunguka kwa miaka mingi katika mabaraza ya watawala wengine akitafuta wa kumsikiliza, asimpate, akarudi Lu kufundisha hadi alipofariki mwaka 479 KK. Aliyowaambia watawala hayakuwapendeza: kwamba anayetaka raia wanyooke aanze kunyooka yeye mwenyewe, na kwamba watu wanaoongozwa kwa adhabu hujifunza kuikwepa adhabu bila kujifunza kuona haya.

Ushindi wa mafundisho yake ulikuja baadaye sana, na kwa sehemu kubwa uliletwa na anguko la wapinzani wake. Mwaka 221 KK Qin Shi Huang aliiunganisha China kwa upanga na kwa sheria kali, na mwaka 213 KK, kwa ushauri wa waziri wake Li Si, akaamuru vitabu vya wanazuoni vichomwe moto. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 210 KK, na kufikia mwaka 206 KK nasaba yake ilikuwa imekwisha kuanguka. Watawala wa nasaba ya Han waliorithi nchi waliona kwamba hofu hushinda vita lakini haidumishi dola. Kaisari Wu, akishauriwa na wanazuoni kama Dong Zhongshu, aliweka mwaka 136 KK walimu rasmi wa vile Vitabu Vitano vya kale vilivyoheshimiwa na wafuasi wa Confucius, na mwaka 124 KK akafungua chuo cha dola kilichoanza na wanafunzi 50. Katika karne ya 2 ya enzi yetu, kumbukumbu za Han zinataja wanafunzi zaidi ya 30,000.

Hata hivyo, usidhani kwamba sheria za Qin zilitupwa. Kaisari Xuan wa Han alipomsikia mrithi wake akitaka wanazuoni peke yao ndio waaminiwe, alimkemea na kumweleza kwamba nyumba ya Han tangu zamani hutawala kwa kuchanganya nguvu na maadili. Kauli hiyo inaeleza vizuri zaidi kuliko sifa zote za baadaye jinsi China ilivyotawaliwa.

Swali. Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba katika China ya kale mtoto wa mkulima aliweza kuwa waziri kwa kufaulu mtihani. Je, ni kweli, au ni hadithi ya kuwafariji maskini?
*Mwalimu wa sekondari, Moshi*

Jibu. Mwalimu, ni kweli, na vilevile ni hadithi ya kuwafariji maskini.

Mtihani wa kuingia katika utumishi wa Kaisari ulianza chini ya nasaba ya Sui, ukaendelezwa na Tang, na katika enzi ya Song, iliyoanza mwaka 960, ukawa mlango mkuu wa serikali. Katika enzi za Ming na Qing, nasaba mbili za mwisho, mtahiniwa alianzia wilayani, akapanda hadi mtihani wa mkoa, kisha ule wa mji mkuu, na waliofaulu wakamalizia ndani ya kasri, ambako Kaisari mwenyewe alihesabiwa kuwa mtahini. Ngazi za juu zilifanyika kila baada ya miaka mitatu. Ukumbi wa mtihani wa Nanjing ulikuwa na vyumba zaidi ya 20,000, kila kimoja kikimtosha mtu mmoja na ubao wa kuandikia. Mtahiniwa alipekuliwa langoni, akaingia na chakula chake na matandiko yake, akakaa humo usiku na mchana mpaka amalize.

Waliosimamia mtihani huo walijua hila za watu. Tangu enzi ya Song majina ya watahiniwa yalifunikwa, na majibu yote yakanakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Kwa njia hiyo walipita watu kama Fan Zhongyan, aliyefiwa na baba akiwa na umri wa miaka miwili na kukulia katika dhiki, akafaulu mtihani wa juu mwaka 1015, na mwaka 1043 akawa anaongoza mpango wa kurekebisha serikali.

Mfano wa Fan haukuwa wa kawaida. Kumsomesha kijana kwa miaka kumi au ishirini bila jembe mkononi kulihitaji mali, na ndiyo maana koo zenye uwezo zilitenga mashamba ambayo mapato yake yalilipia shule za vijana wao. Wanawake hawakuruhusiwa kabisa. Watoto wa waigizaji na wa watumishi duni wa ofisi za serikali walizuiwa pia. Nafasi zenyewe zilikuwa finyu mno: katika enzi ya Qing waliofaulu ngazi ya mwisho katika kila awamu walikuwa kwa kawaida 200 hadi 300, katika nchi ambayo katikati ya karne ya 19 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 400. Mmoja wa walioshindwa mara kwa mara huko Guangzhou, Hong Xiuquan, aliishia kuamini kwamba yeye ni mdogo wake Yesu, akaongoza uasi wa Taiping uliodumu hadi mwaka 1864 na kuua watu wasiopungua milioni 20.

Kilichotahiniwa kina uzito kuliko yote hayo. Tangu mwaka 1315 hadi mtihani ulipofutwa mwaka 1905, jibu sahihi lilikuwa lile lililofuata ufafanuzi wa Zhu Xi, mwanazuoni wa enzi ya Song, juu ya Vitabu Vinne, ambavyo ni pamoja na mazungumzo ya Confucius yaliyokusanywa na wanafunzi wake na maandishi ya Mencius, mfuasi wake mashuhuri. Mtu aliyefariki mwaka 1200 aliendelea kusahihisha fikra za maafisa wa China kwa karibu miaka 600. Kwa maoni yangu, faida kubwa ambayo dola lilipata haikuwa kuwapata wale wachache waliofaulu, bali kuwapata mamilioni walioshindwa. Hao walirudi vijijini wakawa walimu wa watoto, waandishi wa barua na wasuluhishi wa ugomvi wa mipaka, na kila walipokwenda walipima jema na baya kwa vitabu vilevile alivyosoma waziri. Hakuna nasaba ambayo ingeweza kulipa mishahara ya wahubiri wengi kiasi hicho.

Swali. Mhariri, mimi ni afisa mtendaji wa kata mstaafu. Nashindwa kuelewa jinsi nchi kubwa kama China ilivyotawaliwa zamani na maafisa wachache. Nani aliyefika kijijini?
*Mzee wa Tabora*

Jibu. Shikamoo, mzee wangu. Kwa kawaida hakufika mtu. Chini ya nasaba ya Qing palikuwa na wilaya 1,300 hivi, na kila moja ilikuwa na mkuu mmoja aliyeteuliwa kutoka juu, ambaye peke yake alikusanya kodi, akahukumu kesi, akatafuta wahalifu na kusimamia mtihani wa ngazi ya chini. Hakuruhusiwa kufanya kazi katika mkoa wa kwao, ili asipendelee jamaa zake, na mara nyingi alihamishwa baada ya miaka michache. Alikuwa mgeni katika wilaya yake, pengine asiyeelewa hata lahaja ya wenyeji, akiwategemea makarani na wazee wa koo.

Iliwezekana kwa sababu nyumba ilifanya kazi ya ofisi. Wafuasi wa Confucius waliipanga jamii katika mahusiano matano, yaani mtawala na afisa, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, na rafiki na rafiki, na matatu kati ya hayo, kama unavyoona, yamo ndani ya nyumba. Mwaka 1670 Kaisari Kangxi alitoa maagizo 16, la kwanza likiwa juu ya heshima kwa wazazi na mapatano baina ya ndugu, na yakawa yanasomwa hadharani mara mbili kila mwezi. Sheria ilisimama upande wa wazazi: mtoto aliyemshtaki baba yake kwa afisa aliadhibiwa hata kama mashtaka yalikuwa ya kweli. Msingi wa jambo hilo ni kisa cha Confucius mwenyewe. Mtawala mmoja alijisifu mbele yake kwamba kwao yuko mtu mnyofu kiasi cha kutoa ushahidi dhidi ya baba yake aliyeiba kondoo. Confucius akajibu kwamba kwao unyofu ni baba kumsitiri mwana na mwana kumsitiri baba. Sauti ya jibu hilo bado inasikika, kwani sheria ya China ya mwenendo wa kesi za jinai iliyorekebishwa mwaka 2012 inaeleza kwamba mke au mume, mzazi na mtoto wa mshtakiwa hawalazimishwi kufika mahakamani kutoa ushahidi.

Hata maafisa wakubwa walibanwa na kanuni ya nyumba. Aliyefiwa na mzazi alipaswa kuacha kazi na kuomboleza kwa miezi 27. Baba yake Zhang Juzheng, aliyekuwa waziri mwenye nguvu kuliko wote, alipofariki mwaka 1577 na Kaisari Wanli akaamuru waziri abaki kazini, maafisa kadhaa walipinga kwa maandishi na wakapigwa viboko kwa sababu hiyo.

Gharama ya mpango huu waliibeba wanawake na vijana. Ban Zhao, mwanahistoria mwanamke wa enzi ya Han, aliandika kwamba wasichana nao wafundishwe kusoma, lakini aliandika hayo katika kitabu kinachomtaka mke anyenyekee mbele ya mumewe na wakwe zake, na watu waliushika unyenyekevu zaidi kuliko kusoma.

Swali. Ndugu Mhariri, mimi huchukua bidhaa Guangzhou na kuziuza Kariakoo. Wenzangu husema Wachina huitii serikali bila kuuliza kwa sababu Confucius aliwafundisha hivyo. Wanasema kweli?
*Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

Jibu. Wanasema nusu ya kweli, ndugu yangu, na nusu iliyobaki iliwahi kumkasirisha Kaisari mmoja mpaka akaikata vitabuni.

Mencius, aliyeishi katika karne ya 4 na ya 3 KK, aliandika kwamba watu ndio wenye thamani kubwa kuliko wote, kisha madhabahu ya ardhi na nafaka, na mtawala ndiye mwepesi kuliko wote. Alipoulizwa kama ni halali afisa kumuua mfalme wake, akikusudiwa mfalme dhalimu wa mwisho wa nasaba ya Shang aliyeitwa Zhou, alijibu kwamba amesikia habari za kuuawa kwa mtu mmoja anayeitwa Zhou, lakini hajasikia habari za kuuawa kwa mfalme. Kwa mafundisho haya, mtawala anayewatesa watu amepoteza idhini ya Mbingu, na asipokuwa na idhini hiyo amekuwa mtu tu. Hongwu, mwanzilishi wa nasaba ya Ming, ambaye alianza maisha akiwa mtoto wa wakulima fukara na baadaye akakifuta kabisa cheo cha waziri mkuu ili asiwe na mshirika katika madaraka, aliona maneno hayo ni ya hatari, na mwaka 1394 vifungu 85 vya kitabu cha Mencius vikaondolewa. Katika enzi ya mwanawe Yongle kitabu kilirudishwa kikiwa kamili, kwa kuwa wanazuoni hawakukubali mwalimu wao akatwe ulimi.

Kutokana na mafundisho hayo palikuwa na desturi ya afisa kumwonya Kaisari kwa waraka, na palikuwa hata na idara ya wakaguzi ambao kazi yao ilikuwa hiyo. Hai Rui, afisa wa Ming aliyesifika kwa kutopokea rushwa, alimwandikia Kaisari Jiajing mwaka 1566 kwamba ameitelekeza serikali akitafuta dawa za kutokufa, na inasimuliwa kwamba kabla ya kuuwasilisha waraka alinunua jeneza na kuwaaga watu wa nyumbani kwake. Alifungwa, akanusurika kwa sababu Kaisari alifariki mapema mwaka 1567.

Hapo ndipo penye udhaifu. Mafundisho yalimpa afisa haki ya kusema, lakini hayakumpa ngao: hapakuwa na mahakama ambayo Kaisari angeiogopa, wala baraza lenye uwezo wa kumzuia. Ilibaki nafsi ya mtu mmoja mbele ya mwingine. Na kuhusu unayoyaona Guangzhou leo, tafuta kwanza sababu zilizo karibu, kama vile chama kimoja kilichoshika nchi tangu mwaka 1949, kabla ya kumbebesha mzigo huo mwalimu wa karne ya 6 KK.

Swali. Asalaam alaykum. Je, Ukonfusio ni dini? Mwislamu au Mkristo wa China anaweza kuufuata?
*Msomaji wa Unguja*

Jibu. Waalaykum salaam. Serikali ya China inatambua dini tano, yaani Ubuddha, Udao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti, na Ukonfusio haumo. Indonesia, kwa upande wake, inauhesabu kuwa dini rasmi. Tofauti hiyo ina sababu, kwani mafundisho haya hayana nabii wala ahadi ya pepo, lakini yana mahekalu, sadaka na taratibu za kuwaheshimu wazazi waliokufa.

Taratibu hizo ndizo zilizoleta ugomvi mrefu. Mapadri Wajesuiti waliofuata njia ya Matteo Ricci, aliyefika Beijing mwaka 1601, waliona kwamba kufukiza ubani na kuinama mbele ya kibao cha jina la marehemu ni adabu ya kifamilia, hivyo wakawaruhusu waumini wao kuendelea nayo. Watawa wa mashirika mengine waliiona ni ibada ya sanamu, na Papa Clement XI akaipiga marufuku kwa hati ya mwaka 1715. Kaisari Kangxi, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewapa wamisionari uhuru, alikasirishwa na wageni waliojitia kuwafundisha Wachina maana ya adabu zao wenyewe, akapiga marufuku mahubiri yao. Roma ililegeza msimamo wake mwaka 1939, zaidi ya karne mbili baadaye.

Waislamu wa China walipita njia nyingine. Katika karne ya 17 na ya 18 wanazuoni kama Wang Daiyu na Liu Zhi, wote wa Nanjing, waliandika kwa Kichina vitabu vya itikadi na sheria za Kiislamu wakitumia msamiati wa wafuasi wa Confucius, wakieleza kwamba mahusiano yale matano ni wajibu mbele ya Mwenyezi Mungu na kwamba sala, saumu na zaka vinaukamilisha wajibu huo. Hawakuinamia vibao vya wahenga, na hawakuona haja ya kumkana Confucius.

Swali. Mhariri, ni kweli kwamba twiga wa kwetu alihusika na siasa za wafuasi wa Confucius?
*Msomaji wa Malindi*

Jibu. Alihusika kwa muda mfupi. Ujumbe wa Malindi ulimfikisha twiga China mwaka 1415, na watu wa ikulu walimpokea kama qilin, mnyama wa hadithi ambaye husemekana kutokea anapotawala mfalme mwadilifu. Kitabu cha matukio ya dola la Lu, ambacho kwa mapokeo kilihaririwa na Confucius, kinaishia kwenye habari ya kukamatwa kwa mnyama huyo mwaka 481 KK. Kaisari Yongle alikuwa amempindua mpwa wake mwaka 1402, kwa hiyo ishara ya namna hiyo ilimfaa sana. Maafisa waliolelewa na vitabu hivyo hivyo ndio pia waliolalamikia gharama za safari za Zheng He, aliyeongoza misafara ya meli za Kaisari hadi pwani yetu, wakisema fedha za umma zingewafaa zaidi wakulima, na chuki yao kwa matowashi wa ikulu, ambao Zheng He alikuwa mmoja wao, iliongeza ukali wa maneno. Pamoja na vitisho vya Wamongolia upande wa kaskazini, upinzani huo ulichangia safari hizo kukomeshwa baada ya mwaka 1433.

Swali. Mimi najifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius hapa Nairobi. Chama cha Kikomunisti kilimpinga Confucius. Inakuwaje leo kinatumia jina lake? Na je, tunafundishwa mafundisho yake bila kujua?
*Msichana msomaji, Nairobi*

Jibu. Dada yangu, waliotangulia kumpinga hawakuwa wakomunisti. Ufalme ulipoanguka mwaka 1912, na hasa baada ya maandamano ya Beijing ya tarehe 4 Mei 1919, wasomi vijana wa mielekeo mingi walimlaumu Confucius kwa udhaifu wa nchi na kwa ndoa za kulazimishwa. Chama kilichoundwa mwaka 1921 kilizaliwa katika hewa hiyo. Novemba 1966 Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa kiongozi wa chama Mao Zedong, walitoka Beijing na kuvamia Qufu, wakabomoa sanamu na kuvunja mawe ya makaburi ya ukoo wake, na mwaka 1974 taifa zima lilihimizwa kumshutumu.

Kugeuka kulikuja taratibu, na hata sasa hakujakamilika. Januari 2011 sanamu ya Confucius yenye urefu wa mita 9.5 ilisimamishwa mbele ya jumba la makumbusho kando ya uwanja wa Tiananmen, na mwezi Aprili ikaondolewa. Hata hivyo Xi Jinping alizuru Qufu Novemba 2013, na mwaka uliofuata akahutubia kongamano la kuadhimisha miaka 2,565 ya kuzaliwa kwa mwalimu huyo. Mwaka huo wa 2013 ilianza pia kutumika sheria ya wazee iliyorekebishwa, inayowataka watoto wanaoishi mbali kuwatembelea wazazi wao au kuwajulia hali mara kwa mara. Mimi naona kwamba chama, kama Han na Qing kabla yake, kinachukua mafundisho ya utulivu, nidhamu na wazazi, na hakina haraka ya kuchukua yale ya Mencius juu ya mtawala aliyepoteza idhini.

Kuhusu masomo yako, usiwe na wasiwasi wa namna hiyo. Taasisi ya kwanza ilifunguliwa Seoul mwaka 2004, na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifuata mwaka 2005 ikiwa ya kwanza Afrika. Jina lilichaguliwa kwa sababu linajulikana duniani kote. Kazi yenyewe ni kufundisha lugha, pamoja na sherehe na michezo ya Kichina. Anayetaka kumjua Confucius itambidi amtafute mwenyewe maktabani, na nakushauri umsome pamoja na Mencius, vifungu vyote, pamoja na vile 85.